Mlevi, Mnywaji na Mnyweshaji: Pombe na Mapenzi katika Riwaya ya Kiswahili

Ni desturi ya wahakiki wetu, wanapokutana na mlevi katika riwaya ya mapenzi, kumkamata na kumhukumu papo hapo. Mlevi huyo huwa dalili ya jambo fulani: malezi mabaya, uharibifu wa mji, ubepari, au ukengeushi wa vijana. Akiwa mwanamume, tunaambiwa kwamba ameivunja nyumba yake kwa pombe. Akiwa mwanamke, tunaambiwa kwamba pombe imemvunja yeye. Baada ya hapo mhakiki huendelea na mambo mengine, kana kwamba swali limekwisha kujibiwa.

Makala haya yanakusudia kulifungua swali hilo upya. Rai yangu ni kwamba katika riwaya zetu zinazosimulia mahusiano ya mume na mke, au ya mwanamume na hawara yake, pombe si sababu tu ya mapenzi kuharibika. Pombe ni mkataba. Ni njia mojawapo ya mtu kumtia mwenziwe deni, na linalopasa kuchunguzwa si kiasi kilichonywewa, bali ni nani aliyelipa, na mbele ya nani. Nitaziangalia riwaya mbili kwa undani, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), na nyingine nitazigusa tu. Lakini kwanza yafaa tuisikilize lugha yenyewe, maana imeyafikiria mambo haya kabla yetu.

Kitenzi -lewa kina sura ya kauli ya kutendwa, lakini hakina kauli ya kutenda inayolingana nacho. Ukitaka kumtaja aliyesababisha, huna budi kuunda -levya. Tena maana yake haikufungwa na pombe: tumbaku humlevya asiyeizoea, mawimbi humlevya abiria wa jahazi, na kitu kinachoyumba huku na huku husemwa kuwa kinalewalewa. Kutokana na -lewa tunapata mlevi, kama tunavyopata mgomvi kutokana na -gomba na mpenzi kutokana na -penda. Majina yote matatu yamefuata kanuni moja, yaani kiambishi m- mwanzoni na irabu -i mwishoni, irabu ambayo huibadili konsonanti inayoitangulia. Hata hivyo, maana zake hazilingani. Mgomvi ndiye agombaye. Mpenzi aweza kuwa apendaye, lakini mara nyingi zaidi ni yule apendwaye. Na mlevi ni mtu aliyepatwa na jambo kuliko mtu aliyelitenda. Kwa hiyo, katika sarufi yetu, mpenzi na mlevi ni ndugu: wote wawili wamefikwa.

Mtenda hasa ni mnywaji. Na nyuma ya mnywaji aghalabu yuko mwingine, ambaye ameita, ameagiza na amelipa. Huyo ndiye ninayemwita mnyweshaji. Neno hili si la kila siku. Kitenzi -nywesha tunakitumia zaidi kwa mifugo inayopelekwa mtoni. Lakini sarufi inaliruhusu, na uhakiki wetu unalihitaji. Tumeandika kurasa nyingi juu ya mlevi, chache juu ya mnywaji, na juu ya mnyweshaji takriban hatujaandika kitu. Hata methali ya mgema, ambayo shuleni hufasiriwa kuwa ni onyo juu ya majivuno, ni methali ya watu wawili waliomo katika biashara. Mmoja anasifu na kununua, wa pili anagema na kutia maji. Ulevi haumo kabisa.

Wasemaji wa Kiswahili husema pia kwamba mtu amelewa penzi, na usemi huu hautokani na baa. Washairi wa Kisufi wa Kiarabu, mathalani Ibn al-Farid aliyefariki mwaka 1235, waliimba mvinyo kuwa ni ishara ya kumpenda Mungu, na mwambao wa Afrika Mashariki uliipokea sehemu ya urithi huo kwa njia ya dini. Ndiyo sababu mtu ambaye hajaonja kileo maishani mwake aweza kuimba, katika taarabu, kwamba ana kiu, kwamba amenyweshwa, kwamba anayumba, na wasikilizaji wasione kinyume chochote. Mohamed Suleiman Mohamed aliitumia hazina hiyo alipoiita riwaya yake Kiu (1972): kiu ya mapenzi na kiu ya mali zimo katika neno moja, na wahusika wanashindwa kuzitenga. Wala si kwamba kinywaji chenyewe kilikuwa kigeni pwani. Miongoni mwa nyimbo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zimo zinazousifu mnazi na tembo lake.

Sasa tuyaache maneno tuangalie desturi, kwa sababu waandishi wa riwaya hawakuianza hadithi ya pombe na mapenzi, waliikuta njiani. Katika jamii nyingi za Kenya pombe ilikuwa na kazi maalumu katika uchumba. Miongoni mwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, tembo la mnazi hutolewa kwa kipimo na kwa jina, kadzama, na hutajwa katika posa, katika mahari na katika mabaraza ya wazee. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wakikuyu, anaeleza pombe ya uposaji iliyopelekwa nyumbani kwa binti. Ilikuwa lazima binti aulizwe kama inywewe, na kunywewa kwake kulikuwa ni tangazo kwamba amekubali. Sitaki kuipamba desturi hii. Ridhaa ya binti mbele ya baba, ami na wazee wa ukoo si jambo la kuaminiwa upesi, na yamkini wako wengi walioitika kwa kuwa hawakuwa na njia ya kukataa. Ninalolisisitiza ni umbo la tendo. Kulikuwa na mtoaji anayejulikana, kipimo kinachojulikana, swali lililoulizwa kwa sauti, na watu waliolisikia jibu.

David Parkin, mwanaanthropolojia aliyewachunguza Wagiriama wa Kaloleni, alichapisha kitabu mwaka 1972 ambacho anwani yake inaweka pamoja vitu vitatu: minazi, mvinyo na mashahidi. Wazee waliokunywa pamoja ndio waliokuwa kumbukumbu ya nani alimuuzia nani minazi, na palipotokea ugomvi neno lao lilikuwa na uzito. Parkin anaeleza pia habari ya wakulima vijana waliokuwa wakijilimbikizia minazi na mashamba. Baadhi yao walishikwa na pepo wa Kiislamu waliowakataza kunywa tembo, na hivyo wakapata sababu yenye heshima ya kujitenga na karamu za wazee na gharama zake. Kutokunywa nako kulikuwa na maana ya kijamii. Kulikuwa ni kujitoa katika mduara wa madeni.

Mji ulilivunja umbo hilo. Serikali ya kikoloni iliitenga pombe kwa rangi ya mnywaji. Bia ya chupa ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika wa Nairobi alijengewa kilabu cha manispaa huko Pumwani, ambapo alikunywa chini ya macho ya utawala na faida ikaenda kwa manispaa. Kampuni ya bia ya Kenya ilianza mwaka 1922, na bia yake mashuhuri ikatiwa picha ya ndovu. Kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye tembo kwake ni mnyama na ni kinywaji cha mnazi pia, huo ni mzaha ambao yamkini wenye kampuni hawakuukusudia. Luise White, katika utafiti wake wa mwaka 1990 kuhusu umalaya katika Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwamba wanawake wengi wa Pumwani hawakuuza miili peke yake. Waliuza chai, chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala, yaani waliuza vipande vya maisha ya ndoa kwa wanaume ambao sheria na mishahara yao haikuwaruhusu kuishi mjini na wake zao. Wengine walipika pombe, na wengine wakawa wenye nyumba. Huu ndio mji ambao riwaya zetu ziliurithi. Baa ilipofunguliwa kwa wote, mwanamume aliweza kumnunulia mwanamke kinywaji bila mzee, bila kipimo na bila swali. Mkataba ulibaki, mashahidi wakatoweka. Na mkataba usio na mashahidi humfunga yule aliye dhaifu peke yake.

Kwa mtazamo huu, Rosa Mistika inasomeka tofauti kidogo na inavyofundishwa. Fasiri iliyozoeleka ni kwamba Rosa ameharibiwa na malezi makali. Zakaria, babaye, alimfungia mno. Alipofunguliwa hakujua kujizuia. Fasiri hii si ya uongo, na bila shaka ilisaidia kuitetea riwaya ilipozuiwa katika shule za Tanzania kwa kudaiwa kuwa ni chafu, hata baadaye ikaruhusiwa. Kasoro yake ni kumgawa Zakaria mara mbili. Kuna Zakaria mkali na kuna Zakaria mlevi, na inadhaniwa kwamba wa kwanza ndiye aliyemdhuru Rosa na wa pili ni fedheha ya nyumbani tu. Lugha yetu, kwa bahati, imeyaweka maneno kulewa na kulelewa karibu sana, na Kezilahabi ameyaweka karibu zaidi.

Zakaria ni mume ambaye katika nyumba yake amebakiwa na mamlaka bila kazi. Nyumba ile ya Namagondo, kisiwani Ukerewe, inasimama kwa jasho la Regina. Kila kinachokwenda kilabuni kimetoka katika jasho hilo. Kwa maneno tuliyokwisha kuyatumia, Regina ni mnyweshaji, lakini ni mnyweshaji asiyeulizwa. Anamlipia mumewe pombe kwa kuendelea kuishi naye. Mtu anayenywa kwa mali asiyoitoa hana la kuagiza mezani, na heshima ambayo Zakaria haipati katika kulisha anaitafuta katika kulinda. Anachokilinda ni mwili wa bintiye. Hivyo ukali wake haukuusahihisha ulevi wake hata kidogo. Vyote viwili vimetoka chungu kimoja, na anayelipia vyote viwili si yeye.

Hapo ndipo inapoingia barua ya Charles. Kijana huyu anamwandikia Rosa, barua inajulikana, na Zakaria anampiga bintiye kipigo ambacho msomaji hakisahau. Wahakiki wametazama kipigo. Mimi naomba tuitazame barua. Katika riwaya nzima barua ile ndiyo kitu kinachokaribia zaidi umbo la posa. Ina jina la mwandikaji, ina jina la mwandikiwa, ina maneno yanayoweza kusomwa na mtu wa tatu, na kwa kweli yanasomwa. Ni mapenzi yenye ushahidi. Baba mlevi, ambaye kwa desturi angekuwa ndiye mwenye kuketi na kupokea pombe ya posa na kumuuliza bintiye kama inywewe, anaupasua ushahidi huo na kumfundisha bintiye kwamba kosa ni kujulikana. Rosa amejifunza vizuri. Wanaume wanaokuja baadaye, kuanzia Deogratias na kuendelea, hawamwandikii kitu. Wana vyeo, wana pesa, wana mahali pa kumpeleka usiku. Hawana haja ya karatasi, wala Rosa hana karatasi ya kuwadai.

Charles anaporudi mwishoni, akiwa na nia ya ndoa, anakuja kama mtu anayedai bidhaa aliyoitolea arubuni. Anataka kujua ubikira, na asipoukuta anaondoka. Barua iliyokuwa posa imegeuka hati ya madai. Rosa anajiua. Kisha mwandishi, kwa ujasiri ambao baadhi ya wasomaji wameuona kuwa ni kasoro ya kisanaa, anawasimamisha Rosa na Zakaria mbele ya Mungu ili washtakiane. Naikubali hoja kwamba sura hiyo inatoka nje ya uhalisia wa riwaya. Lakini twaweza kuuona mantiki wake. Katika dunia ambamo kila kilichotendeka kwa Rosa kilitendeka bila shahidi, isipokuwa kipigo, baraza lenye mashahidi haliwezi kuketi ila baada ya mauti.

Hata hivyo riwaya ina upungufu ambao mbinu hii ya Mbinguni haiwezi kuuficha. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020 akiwa ameacha nyuma riwaya na diwani zilizobadili fasihi yetu, alikuwa kijana alipoiandika, na katikati ya kitabu anakwenda mbio. Wanaume wanafuatana, starehe zinafuatana, na Rosa anasukumwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kama gogo mtoni. Hatuambiwi kama kuna siku aliyofurahi. Hatujui kama alipenda kucheza dansi kwa kuwa dansi ni tamu. Mwandishi amemnyima Rosa utamu wa dhambi zake, akabakiza adhabu tu. Ulevi wa Zakaria una ladha, una sauti, una nyumba nzima inayousubiri mlangoni. Starehe za Rosa ni orodha. Nadhani hapa mwandishi alishindwa kujitenga na jamii aliyokuwa akiishutumu, ambayo nayo ilikuwa tayari kumwelewa mwanamume mlevi kabla ya kumwelewa msichana mwenye furaha.

Utengano inaanzia mahali pale pale na kufika kwingine. Maimuna amefungiwa ndani na babaye, Maksuudi, mtu mwenye mali na sauti ambaye nje ya nyumba yake haishi kwa sheria anazozitunga ndani. Maimuna hana hata barua. Anapotoroka anaingia katika ulimwengu wa Mama Jeni, wa baa, muziki na wanaume wanaolipa. Tofauti yake na Rosa ni kubwa. Rosa alikuwa akinunuliwa bila kujua bei. Maimuna anafanya kazi. Katika baa kinywaji ni sehemu ya ajira. Anayekaa mezani na mteja hujua kwamba kila chupa inayofunguliwa ni faida ya mwenye baa, na kwamba mteja, akiisha kulipa chupa kadhaa, atadhani amelipa na kitu kingine pia. Mnyweshaji hapa ni wawili: mwanamume anayelipa na mama mwenye nyumba anayehesabu. F. E. M. K. Senkoro, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu kahaba katika fasihi ya Afrika, alisisitiza kwamba mwanamke wa namna hii hawezi kufahamika nje ya mfumo wa uchumi uliomzaa. Hoja hiyo ni ya haki. Naiongezea neno dogo tu: mfumo huo haumfikii mwanamke kama mfumo. Unamfikia kama bilauri iliyowekwa mbele yake na mtu anayetabasamu.

Wengi wanayaona maisha ya Maimuna pamoja na Shoka kuwa ndicho kina cha mwisho cha kuanguka kwake. Ametoka baa yenye taa na muziki, ameangukia kwa mlevi maskini asiye na kitu. Kwa kipimo cha afya na usafi, ni kweli. Lakini tukiuliza swali letu la nani anamlipia nani, tunaona jambo la ajabu. Kwa Shoka hakuna mnyweshaji. Wote wawili ni walevi, wote wawili ni mafukara, na hakuna anayeweza kumnunua mwenziwe kwa kuwa hakuna aliye na pesa ya kununulia. Sisemi kwamba hayo ni mapenzi mema. Pombe inawala wote wawili na mwandishi hatufichi uvundo wake. Nasema kwamba, katika riwaya iliyojaa wanaume wanaomiliki, huyu ni mwanamume ambaye hana uwezo wa kummiliki Maimuna kwa fedha. Mwandishi ameliona hilo, hata kama hakulitangaza, maana anamwandika Shoka kwa huruma ambayo hakumpa Maksuudi. Mhakiki anayeandika tu kwamba hapo Maimuna alifikia chini kabisa amepima kwa kipimo cha Maksuudi bila kujua.

Mwisho wa Maimuna ni ndoa na Kabi. Ili aolewe hana budi atolewe katika pombe, na anatolewa. Sina ugomvi na kupona kwake. Nina ugomvi na haraka ambayo riwaya yetu, hata iliyo bora kama hii, inayo katika kuifanya ndoa kuwa ni cheti cha kuacha kunywa, kwa mwanamke peke yake. Ni mashujaa wangapi wa kiume katika riwaya za Kiswahili ambao walitakiwa kwanza waache baa ndipo wastahili mke? Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaifuja mali ya urithi kwa pombe na wanawake, na riwaya inamchukulia kuwa ni mtu anayetafuta maana ya maisha. Yeye ni mnyweshaji wa kijiji kizima, na hilo linamletea umaarufu kabla ya kumletea balaa. Riwaya za mapenzi na upelelezi zilizouzwa sana mitaani katika miaka ya 1970 na 1980 ziliendelea na desturi hiyo bila haya: shujaa anaagiza bia, mwanamke anakubali bia, na msomaji anajua sura inayofuata itakuwa ipi. Hazihitaji maelezo zaidi hapa.

Kuna mtu mmoja ambaye riwaya hizi zinampita kila mara bila kumsalimu, naye ni yule anayepika. Kenya tunamwita mama pima. Mwaka 1980 sheria ilitungwa ya kupiga marufuku chang'aa, na kwa miaka thelathini, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, mwanamke huyu alikuwa mhalifu kwa kazi yake. Katika fasihi akitokea, hutokea kama mlango ambao mume hupitia kupotea. Hatuelezwi kwamba mara nyingi yeye mwenyewe ni mke aliyeachwa, au mjane, au mke wa mlevi aliyegundua kwamba njia pekee ya kuirudisha nyumbani pesa ya mumewe ni kumuuzia yeye na wenziwe kinywaji. Hatuelezwi pia kwamba karo za watoto wengi waliofika hata vyuo vikuu zilitoka katika pipa hilo. Mama pima ndiye anayejua katika mtaa nani anamlipia nani, nani anakunywa kwa deni, na nani amekuja na mwanamke ambaye si wake. Yeye ndiye shahidi aliyebaki. Mwandishi wa riwaya akimweka katikati ya hadithi yake badala ya ukingoni, atakuwa amerudisha lile baraza ambalo Kezilahabi alilazimika kulitafuta Mbinguni.

Yamkini nitaambiwa kwamba kwa kuuliza habari za mnyweshaji ninamtolea mlevi udhuru. La hasha. Zakaria anabaki na hatia ya kila fimbo. Lakini uhakiki unaomhukumu mlevi peke yake unaafikiana na mnyweshaji bila kujua, kwa kuwa mnyweshaji naye, asubuhi ikifika, husema: pombe ndiyo iliyofanya. Wapo katika ndoa zetu, na katika kumbi zetu za mihadhara, wanaume wenye elimu wanaoishi kwa sentensi hiyo. Riwaya inayotufundisha kuikubali katika kitabu itatufundisha kuikubali nyumbani.

Nilipowafundisha wanafunzi riwaya hizi mbili pamoja, niliwataka wasome kila mahali panapotajwa kinywaji na kuandika ukingoni jina la aliyelipa. Zoezi lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mara nyingi waandishi hawasemi, na wanafunzi walibishana. Msichana mmoja kutoka upande wa Kilifi alitueleza kwamba dada yake alipoposwa hapakuletwa mnazi, kwa kuwa familia zote mbili ni za kilokole. Zililetwa noti ndani ya bahasha na kreti za soda. Hata hivyo wazee waliiita bahasha ile kadzama, kama zamani, na kabla ya kuifungua walimwita dada yake kutoka jikoni, akasimama mlangoni akiwa bado na unga mikononi, wakamuuliza kama wainywe. Tulimuuliza dada yake alijibuje. Akasema kwamba aliomba kwanza zihesabiwe mbele ya mama yake.